Bandari ya Mtwara Imesubiri Reli Miaka 60, Video Inashindwa Kusubiri Wiki Mbili?

Ndugu zangu, leo nina ugomvi na video za mahojiano. Nazungumzia zile za dakika tatu au nne ambazo siku hizi kila taasisi ni lazima iwe nayo. Mnazijua. Droni inapaa juu ya bahari, kinanda kinaanza taratibu, meli inatokea, halafu anakuja mtu amevaa helmeti na kizibao cha kung'aa, anaangalia pembeni kidogo ya kamera na kusema "kwa kweli tunashukuru sana". Anafuata mama mjasiriamali, naye anashukuru. Anafuata kijana, naye anashukuru. Mwisho nembo, kwaheri.

Hoja yangu ni moja na naisema mapema ili asiye na muda aendelee na shughuli zake. Ukimpa mtengenezaji siku tatu za kufanya video ya namna hiyo, usitegemee mahojiano. Utaletewa watu wanaosoma tangazo lako kwa sura zao. Na kwa mji kama Mtwara hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kwa nini Mtwara? Msimu mmoja wa korosho nilipigiwa simu na bwana mmoja wa taasisi ambayo sitaitaja, yenye shughuli zake pale bandarini. Ilikuwa Jumanne mchana. Alitaka "video kali, ya kimataifa". Dakika nne, watu wasiopungua sita wahojiwe, tafsiri ya Kiingereza chini, na iwe tayari Ijumaa jioni kwa sababu Jumamosi kuna mgeni. Nikauliza mgeni gani. "Mheshimiwa," akajibu. Nikauliza hao watu sita ni kina nani. Akasema orodha atanitumia. Ikaja kwa WhatsApp ndani ya dakika kumi, ina majina, ina vyeo na, hamtaamini, ina sentensi ambayo kila mmoja atasema.

Nikampigia tena. Nikamwambia nipe wiki mbili, nitakuletea watu waliozungumza wenyewe. Akacheka. "Mdogo wangu, wewe ni mwandishi mzuri, ila hapa hatutaki habari, tunataka video." Kazi akapewa mwingine, video ikatoka, mheshimiwa akapiga makofi. Nimeitazama mara nne. Picha ni nzuri mno, aliyepiga anaijua kazi yake. Lakini hakuna sentensi hata moja ndani yake ambayo mtu wa Mtwara angeisema akiwa amekaa barazani kwake.

Sasa tufanye hesabu, maana najua wengi wenu mna kamera na mnapiga kazi hizi.

Siku ya kwanza inaishia njiani. Dar mpaka Mtwara kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500. Ukifika hujaingia bandarini bado. Bandari si soko, ni eneo la ulinzi: kuna kibali, kuna kitambulisho, kuna mtu wa kukusindikiza. Droni nayo ina kibali chake. Siku ya pili ndiyo ya kupiga picha. Mpaka saa nne asubuhi mwanga ni mzuri, baada ya hapo jua linapiga utosini na kila uso unakuwa na mashimo meusi machoni. Upepo wa bahari unaingia kwenye maiki. Lori linapita, unamrudisha mhojiwa mwanzo. Winchi inalia, unamrudisha tena. Watu sita, dakika arobaini kila mmoja, ukijumlisha kufunga maiki na kumtafutia mahali pa kukaa. Siku ya tatu, pamoja na usiku wake, unahariri: kusikiliza, kuchagua, kukata, kufunika mikato kwa picha za meli, kutafsiri, kuweka muziki, kumwonyesha bosi, kisha kumsikia bosi akisema nembo ni ndogo.

Humo ndani nionyesheni muda wa mazungumzo. Mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya kamera huanza kwa kuhutubia, kama yuko kwenye mkutano wa kijiji. Anataja itifaki. Anashukuru uongozi. Inachukua muda mpaka achoke kuhutubia na aanze kuongea kama yeye. Kila aliyewahi kuhoji anajua kwamba maneno yenye uzito huja baada ya "haya, tumemaliza, asante", pale mtu anapovuta pumzi na kusema "ila unajua...". Kwenye ratiba ya siku tatu unakuwa umeshazima kamera na unakunja waya.

Je, ni nani anayebaki kuonekana? Ni yule anayepatikana kwa simu Jumanne akafika Alhamisi asubuhi. Meneja, afisa uhusiano, mwenyekiti wa chama fulani, mfanyabiashara mmoja aliyezoea kuitwa. Haraka ndiyo inayochagua watu, hata kabla mtengenezaji hajafikiria. Sidhani kama kuna kikao kilichokaa kikasema "tumfiche kibarua". Kibarua anapotea mwenyewe ndani ya ratiba. Usiku alikuwa anapakia korosho, asubuhi amelala. Akipatikana, msimamizi wake lazima aridhie, na yeye analipwa kwa siku, kwa hiyo anajua vizuri kwamba neno la leo linaweza kumkosesha kazi kesho. Mvuvi wa Msangamkuu, ambaye kijiji chake kinatazamana na lango la bandari na anaziona meli zote zikiingia, yuko baharini. Saa zake zinapangwa na kupwa na kujaa kwa maji, Ijumaa yako haimhusu. Bibi wa Msimbati anakieleza kitu kwa Kimakonde vizuri kuliko kwa Kiswahili. Ukimhoji kwa lugha yake unahitaji mkalimani na siku nzima ya kutafsiri. Siku hiyo haipo, basi anasema sentensi mbili za Kiswahili cha wasiwasi, unazikata kwa sababu "hazina nguvu".

Unamaliza kazi una Mtwara isiyo na watu wa Mtwara, na hakuna aliyekusudia.

Wapo watakaosema, bwana we, hiyo ni promo tu, kwani nani anaiamini? Mimi nasema anayelipa anajua kwamba inaaminika, ndiyo maana halipii msimulizi peke yake. Tangazo la sabuni likisema linaondoa madoa yote, kila mtu anajua sabuni imelipia. Lakini uso wa mama, jina lake chini, sauti yake yenye lafudhi ya kwao, huo ni ushuhuda. Taasisi inataka kuazima uaminifu wa yule mama. Sawa, kuazima si dhambi. Ila mwenye kitu aulizwe, na kirudi kikiwa kizima. Mama ambaye amepewa sentensi ya kusema, akaisema, kisha jirani zake wakamwona kwenye simu akisifu kitu wanachokilalamikia wote kisimani, huyo hakurudishiwa kitu chake kikiwa kizima.

Na Mtwara inayo historia ndefu ya kusemewa.

Bandari hii yenyewe ilizaliwa na ahadi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilitangaza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Kwa upande wa kusini shamba likawa Nachingwea, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kutoka pwani na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Januari 1951 mradi ukatangazwa kuachwa. Bandari ikabaki, karanga hazipo. Reli ikakosa mzigo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na baadaye kung'olewa. Mwaka 2004 nchi nne, Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia, zilitia saini makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara. Reli ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, imo kwenye hotuba kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Chini bado haipo.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Machi 2017 Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la upanuzi wa bandari, na gati jipya la mita 300 likajengwa. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanapakiwa hapa. Korosho ambazo zamani zilipandishwa malori kwenda Dar zikaagizwa zipitie hapa. Ni mambo ya kujivunia, na video inayoyasema haidanganyi. Lakini mambo hayo yana upande wa pili ambao kila mkazi anaujua, yakiwamo vumbi la makaa na msururu wa malori. Serikali yenyewe imelizungumza hadharani, ikaamua bandari nyingine ijengwe Kisiwa Mgao kwa ajili ya mizigo michafu kama makaa na saruji. Yaani serikali inasema vumbi lipo, halafu video inayopambwa kwa ajili ya mgeni wa serikali inaogopa kulitaja. Tunamficha nani?

Halafu kuna gesi. Desemba 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Tarehe 22 Mei 2013, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni Dodoma, mji ukalipuka. Watu walikufa. Majengo yakachomwa. Wanajeshi wakaingia mitaani. Miongoni mwa nyumba zilizochomwa ilikuwamo ya mwandishi wa habari. Kumchomea mtu nyumba yake ni uhalifu na sina neno la kulainisha hapo. Lakini mji ukifika mahali ambapo hata mwandishi anahesabiwa kuwa upande mmoja wa ugomvi, sisi wenye kamera tuna jambo la kujiuliza.

Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015. Na somo ambalo wakubwa wengi walilichukua ni kwamba wananchi walikosa elimu. "Elimu itolewe." Kwa lugha ya ofisini elimu maana yake ni kipeperushi, jukwaa na video. Wachache sana walisema wananchi wasikilizwe. Sasa ukichukua mji wa namna hiyo, ukaenda na kamera, ukawapanga watu mbele yake na kuwapa maneno ya kusema, unakuwa umerudia kosa lile lile, safari hii kwa picha safi zaidi.

Msidhani nasema kazi ya kulipwa haiwezi kuwa na watu wa kweli ndani yake. Inaweza, na ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1935 huko London kulitengenezwa filamu fupi iitwayo Housing Problems. Aliyeilipia ni British Commercial Gas Association, chama cha wafanyabiashara ya gesi. Ndiyo, gesi! Walitaka makazi ya hovyo yabomolewe, zijengwe nyumba mpya zitakazotumia gesi. Biashara tupu. Lakini watengenezaji, Arthur Elton na Edgar Anstey, wakisaidiwa na Ruby Grierson, waliingiza kamera na vifaa vya sauti, ambavyo enzi hizo vilikuwa mzigo wa kuhemesha, mpaka ndani ya vyumba vya maskini wa Stepney. Wakawaacha wakazi waeleze kwa midomo yao: panya, wadudu, kuta zinazobomoka, kukosa maji. Robo saa tu. Miaka 90 hivi imepita na watu wanaosomea filamu bado wanaonyeshwa. Waliolipa hawakupungukiwa kitu. Ugumu wa maneno ya wakazi ndio uliowafanya watazamaji waiamini na ile sehemu ya nyumba mpya.

Hebu tuilete akili hiyo Mtwara. Nani hasa anatakiwa kushawishiwa na video ya bandari? Ni wakala wa meli, mnunuzi wa korosho wa India au Vietnam, mwenye makaa Songea, mfanyabiashara wa Malawi anayepima Mtwara dhidi ya Dar na Beira. Huyu haulizi kama mama lishe anashukuru. Anauliza meli itakaa siku ngapi. Anauliza kontena tupu zitapatikana msimu wa korosho ukipamba moto. Anauliza nje ya msimu meli itapata mzigo gani. Mletee wakala mmoja wa forodha aseme kwa maneno yake, "zamani hapa tulikuwa tunateseka na hiki na hiki, hiki kimekwisha, hiki bado." Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko shukrani sita, kwa sababu anayetaja lililobaki anaaminika kwa lililokwisha. Wafanyabiashara wanajua hilo sokoni kila siku. Muuza samaki anayekwambia "huyu ni wa jana, chukua huyu" ndiye unayerudi kwake.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: mteja ni mfalme, na kodi ya nyumba haisubiri. Kweli kabisa, nami nalipa kodi. Lakini fundi seremala akiambiwa atengeneze kitanda kwa mbao mbichi, atasema kitapinda. Atakitengeneza ukilazimisha, ila atakwambia. Sisi kwa nini hatusemi? Tunanyamaza, tunachukua kazi, kisha tunalaumu "mazingira".

La pili: dedlaini haisogei, mheshimiwa anakuja Jumamosi. Haya, tuichukulie haisogei. Basi fanya video isiyo na mahojiano. Picha za gati, maandishi, takwimu, sauti ya msimulizi. Au mweke meneja peke yake aongee kama meneja, kila mtu atajua anatetea ofisi yake na hakuna aliyedanganywa. Siku tatu zinatosha kabisa kwa hilo na inaweza kupendeza sana. Jiteni wenye tangazo, muwaache kina mama wapumzike.

Lakini naomba pia tuulize hii dedlaini inatoka wapi. Meli ikikaa gatini bure kuna mtu anaumia kwa kila siku inayopita, hiyo haraka naielewa. Video ikichelewa wiki moja nani anaumia? Ziara ya mheshimiwa hupangwa mapema, ila aliyepewa kazi ya video anaambiwa Jumanne. Huo ni uzembe wa mtu mmoja ofisini, na gharama yake anabebeshwa mvuvi ambaye hakuhojiwa.

La tatu: wananchi wenyewe wanapenda kuonekana. Wanapenda, ndiyo. Kila mtu anapenda kuonekana akiwa yeye.

Kwa hiyo kwa wenzangu wenye kamera napendekeza masharti manne ya kumwekea mteja kabla ya kupokea malipo ya awali. Kwanza, mkiwa mnataka sauti za wananchi, siku kumi ndiyo kima cha chini, na siku mbili za mwanzo ni za kuzunguka bila kamera: Shangani, Mikindani, Msangamkuu, mpaka Msimbati, kunywa chai na kuuliza. Pili, hakuna sentensi iliyoandikwa kabla. Swali linaandikwa, jibu haliandikwi. Tatu, kila aliyehojiwa aone kipande chake kabla hakijatoka, na awe na haki ya kusema "hapo mmenikata vibaya". Simu zipo, intaneti ipo, ni dakika mbili. Nne, lalamiko moja la kweli libaki ndani ya video, na mteja apate nafasi ya kulijibu humo humo. Akiogopa lalamiko moja ndani ya dakika nne, tatizo lake halitatuliwi na video.

Wateja wengine watakataa, na watampata wa kufanya. Hilo nalijua kwa uzoefu. Lakini tukiwa watano mjini tunaosema hivyo, halafu kumi, hata yule bwana wa Jumanne ataanza kupiga simu mapema.

Mji umesubiri reli kwa zaidi ya miaka 60 bila kuiona. Watu wake wana mengi ya kusema juu ya bandari yao, mazuri na machungu, na wengi wako tayari kuyasema bure ukiwafuata kwa saa zao. Kuwapa wiki mbili si hisani kubwa.

Nawasilisha.